Ombi la Stika ya Kijani kwa Mtoto wa Miezi Saba

Meza ya Kutoa Magodoro,
Ghorofa ya Kwanza, ubavuni mwa friji.
Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Kwa Mkurugenzi wa Kiwanda,
Ghorofa ya Pili, chumba chenye samaki.

Ndugu Mkurugenzi,

Kuhusu: Friji ya ghorofa ya kwanza, inayotakiwa kuondolewa leo saa kumi jioni, na mtoto wangu, asiyeondoleka

Shikamoo mzee.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, feni yako inazunguka na samaki wako wanapumua. Sisi huku chini hatujambo, tukiwatoa waliosinzia. Kabla sijaanza naomba uniwie radhi kwa mambo mawili. La kwanza, naandika kwa penseli, kwa kuwa kalamu yangu ya bluu imepotea tangu Jumanne, na stoo hawatoi kalamu mpya mpaka uwapelekee maiti ya ile ya zamani. La pili, naandika nyuma ya karatasi iliyokwisha kutumika, kama Kamati inavyotaka. Ukigeuza utakuta orodha ya magodoro ya inchi sita yaliyotoka mwezi jana. Hayo hayahusiani na malalamiko yangu, ingawa ukiyatazama kwa muda mrefu yanatia usingizi.

Mimi ni yule karani anayeandika magodoro yanapotoka. Siku niliyorudi kutoka likizo ya uzazi ulinipa mkono pale ngazini, ukauliza mtoto hajambo, nikasema hajambo, ukasema, "Haya mama, karibu tena kazini." Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, ingawa siku zile machozi yalikuwa yananitoka hata nikiona soksi ndogo kwenye kamba. Mtoto mwenyewe ni wa kike, ana miezi saba na meno mawili. Majirani wamempa jina la Jenereta, kwa sababu akiwaka mtaa mzima unajua, na kitufe cha kumzimia hakijapatikana. Mama mkwe wangu amekitafuta sana. Baba yake naye alikitafuta kidogo, halafu akalala. Mimi tangu mtoto huyu azaliwe sijawahi kulala masaa manne mfululizo, lakini hilo si lalamiko, nalitaja tu.

Nataka ieleweke mapema kwamba siipingi Kamati ya Kuokoa Umeme na Kupunguza Taka. Nilikuwepo siku ile ulipotuita wote uani ukatuonyesha mita inavyokimbia, ukasema kiwanda hiki kinakula umeme kama mtoto wa bweni aliyerudi likizo. Nilipiga makofi. Hata nyumbani nazima taa nyuma ya watu, mpaka mume wangu anasema anajisikia kama duka linalofungwa. Pia simchukii Mwenyekiti wa Kamati, ambaye watu siku hizi wanamwita Bwana Zima. Ni mtu mwema. Kazi yake, kama unavyojua, ni ukaguzi wa ubora, yaani analala juu ya magodoro na kusema kama yanafaa. Katika kiwanda chote hiki hakuna aliyepumzika kama yeye, na mtu aliyepumzika huwa na mawazo mengi.

Wazo lake lilikuwa stika. Kila kifaa kibandikwe. Chenye kijani kisizimwe kamwe. Chenye njano kizimwe kila siku saa nne asubuhi, na mwenye haja nacho akiwashe mwenyewe. Chenye nyekundu kichomolewe, na ikifika Ijumaa saa kumi kipakiwe kwenye mkokoteni kipelekwe ghalani, kilale huko kati ya magodoro mpaka mwenyewe ajitokeze na maelezo. Halafu kila siku mfanyakazi mmoja awe Mzimaji wa Zamu. Asubuhi anakuta daftari mezani kwake, na saa nne ikigonga anazunguka ghorofa nzima akizima vya njano, anaweka tiki kwenye kila namba, anatia saini. Ni utaratibu mzuri na kwenye karatasi hauna doa. Ila mimi na mwanangu umetuumiza, na nitaeleza kwa namba, kwa sababu nimezoea namba.

1. Stika za kijani zimeisha kabla ya kufika kwa wenye shida. Kamati iliagiza nyekundu mia tano, njano mia tano na kijani ishirini, kwa hoja kwamba ukiwa na kijani nyingi utashawishika kuzitumia. Ya kwanza ilibandikwa saa ya ukutani, ambayo inatumia betri. Ya pili ilibandikwa kiti cha Bwana Zima. Ya tatu ipo kwenye mtungi wa kuzimia moto, sasa mtungi umeandikwa kisizimwe kamwe na hatujui tukipata moto tufanye nini. Nyingine zilikwenda kwenye chumba cha mikutano, ambako kila Jumatano Kamati inakaa masaa mawili chini ya kiyoyozi, taa zote zikiwaka, ikitazama ukutani picha kubwa za taa zilizokutwa zikiwaka. Samaki wako walipata moja. Hilo silalamikii, samaki ni viumbe. Friji ikapata njano.

Nilimfuata Bwana Zima siku ile ile nikamweleza. Nikiwa kazini nakamua maziwa mara mbili, saa tatu na saa saba. Naweka kwenye friji, jioni nabeba, na kesho yake mama mkwe anampa Jenereta nikiwa huku nahesabu magodoro. Mpango mzima ndio huo: mimi, chupa mbili, na friji moja ambayo kwa umri naweza kuiita dada. Bwana Zima alinielewa. Alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba friji ni namba kumi na moja kwenye daftari, na namba kumi na moja irukwe wakati wa kuzima. Kila mtu alisikia. Mimi niliyeomba nilisikia kuliko wote. Wiki tatu friji ikarukwa, Jenereta akanenepa, mashavu yakawa kama mito miwili ya sampuli.

2. Jumanne wiki hii friji haikurukwa. Kuna mtu aliizima saa nne asubuhi. Sikujua, kwa sababu taa ya ndani ya friji Kamati ilishaing'oa kwa maelezo kwamba chakula hakihitaji kuona. Wala muungurumo wake hausikiki mashine za kukatia sponji zikiwa kazini. Saa saba nikaweka chupa ya pili pembeni mwa ile ya kwanza, nikafunga mlango taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto, nikaenda zangu. Jioni nilipozitoa zilikuwa vuguvugu, kama chai iliyosahaulika mezani. Nilifungua moja nikanusa. Sitaeleza zaidi. Kilichomwagwa kwenye sinki siku ile, mzee, hakikutoka bombani, na mwenye kukitoa anajua kilivyotoka.

3. Aliyezima hajulikani. Daftari lina saini yake, lakini tangu Jumatano naliomba na Bwana Zima ananijibu kwamba likitoka kwa mwenye zamu linafungiwa kabatini, kwa sababu likifunguliwa ovyo kurasa zitachakaa, na ukurasa uliochakaa ni taka. Ameahidi kuniletea leo nikague mwenyewe. Ushahidi mwingine uko kwa mama yetu wa usafi, tunayemwita Mama Ndoo. Jumatano alipofagia alikuta kalamu imeangukia nyuma ya friji, karibu kabisa na soketi. Ameihifadhi ndani ya ndoo yake na hataki kunionyesha. Anasema tu kwamba kofia yake imetafunwa. Mtu mzima anayetafuna kalamu ni mtu mwenye jambo lililomshinda, na ndiyo sababu namwogopa.

Nilimwambia Mama Ndoo, "Mama, huyu mtu ana roho mbaya." Akasema, "Mwanangu, huyo hana roho mbaya. Huyo amechoka." Nikamjibu kwamba sote tumechoka lakini hatuzimi friji zenye maziwa ya watoto. Akachukua ndoo yake akaenda.

Mzee, mimi si mtu wa maneno makali, ila naomba niseme kuhusu huyo aliyezima. Ni mtu asiyefikiri. Anazunguka na daftari kama gari lisilo na dereva, anaona swichi anazima, anaona namba anaweka tiki. Hakujiuliza ndani kuna nini wala kwamba kuna mtoto mahali anasubiri. Natamani nimpate, nimkalishe chini, nimuulize: wewe dada, au wewe kaka, siku hiyo akili yako uliiacha wapi? Naomba akipatikana achukuliwe kama Kamati inavyovichukua vifaa vibovu. Abandikwe stika nyekundu mgongoni, azimwe, na leo saa kumi apakiwe kwenye mkokoteni, apelekwe ghalani akalale huko. Asikubaliwe udhuru. Asiombewe na mtu yeyote, hata akilia.

4. Namba nne nilikuwa nayo asubuhi wakati napiga mswaki. Ilikuwa inahusu Jumanne, na ilikuwa nzito kuliko zote. Imenitoka. Naiachia nafasi, nikiikumbuka nitaijaza.

5. Taa ya stoo ya karatasi. Humo ndimo ninamokamulia, kwa kuwa chooni kuna foleni. Kamati imefunga humo taa inayojizima yenyewe mtu akitulia. Dakika mbili bila kutikisika, giza. Sasa shughuli ninayoifanya mle, samahani kwa kuisema, inataka utulivu na mikono yote miwili. Kwa hiyo nakaa juu ya boksi la bahasha na kila baada ya dakika mbili narusha mguu. Wiki iliyopita dada wa mapokezi alikuja kutafuta bahasha, akafungua mlango akanikuta gizani narusha teke hewani. Akafunga mlango polepole. Tangu siku hiyo tukikutana ananiuliza, "Lakini unaendelea vizuri, eti?" kwa sauti ile ya kuulizia wagonjwa.

6. Suala la nepi. Maziwa ya Jumanne yalipoharibika, Jumatano hapakuwa na cha kumwachia mtoto. Mama mkwe wangu aliniambia waziwazi: "Mwanangu, mimi nitambeba, nitamwimbia, nitamzungusha uani mpaka miguu iniishe, lakini ziwa sina." Nikaja naye kazini. Jana pia nimekuja naye. Leo yuko hapa chini ya meza, amelala juu ya mabaki ya sponji, na ndiyo maana naandika haraka na mistari imelala upande.

Jumatano saa tano akachafua nepi, kama ilivyo haki yake. Kamati imetuwekea mapipa matatu: la Karatasi, la Sponji na la Vinavyooza. Nikasimama mbele yake na nepi mkononi. Bwana Zima akaitwa. Akaitazama kwa mbali, akasema ndani inaoza, nje haiozi, na katikati ni kama sponji ila si yetu. Wakaitwa wajumbe wengine wawili. Nepi ikakaa dirishani dakika arobaini ikisubiri uamuzi wa kikao, na dirisha likafungwa ili baridi ya kiyoyozi cha kikao isipotee bure. Mwishowe wakaamua kwamba kila taka irudi na mwenyewe nyumbani. Nilirudi nayo, mzee. Ilisafiri kwenye mkoba mmoja na kitambulisho changu cha kazi, na mlinzi wa getini alipoomba kukagua mkoba nilimruhusu kwa moyo mmoja. Hajawahi kuukagua tena.

7. Jumatano hiyo hiyo Kamati iliikagua friji, ikanusa, ikaandika hivi: "Kifaa hakipozi, kinanuka, hakina faida." Haipozi kwa sababu ilizimwa. Inanuka kwa sababu haikupoza. Na haina faida kwa sababu inanuka. Wakaibandika nyekundu. Nimeisugua kwa ndimu na maji ya moto mpaka inanukia kuliko sisi, lakini nyekundu ni nyekundu. Leo saa kumi mkokoteni unakuja kuichukua.

Hapo ndipo shingo yangu ilipobanwa. Bwana Zima amenieleza kwa upole kabisa kwamba Jenereta hawezi kuendelea kuja, kwa kuwa hayumo kwenye orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa jengoni. Siku hizi tatu amefumba macho, ila Jumatatu atayafumbua. Kwa hiyo friji ikiondoka leo, Jumatatu nina njia mbili: nije kazini mtoto akose maziwa, au nibaki nyumbani nikose kazi. Nimezigeuza njia hizi kila upande, kama ninavyogeuza godoro kutafuta upande usio na bonde. Zote zina bonde.

Sasa ombi langu.

Nimeambiwa na mtu wa kuaminika kwamba imebaki stika moja ya kijani, na iko kwenye droo ya Bwana Zima. Kwanza nilitaka kuiombea friji. Halafu nikafikiri. Stika ikiwa kwenye friji inaweza kubanduka, inaweza kubanduliwa, na friji haina mdomo wa kulalamika. Kwa hiyo naomba stika hiyo abandikwe Jenereta.

Najua inasikika vibaya. Lakini tuchukue maneno ya Kamati yenyewe. Yanasema kijani ni kwa kifaa ambacho kikizimwa kinaleta madhara, au ambacho hakizimiki. Jenereta anatimiza yote mawili, na wapangaji wenzangu wako tayari kuja kutoa ushahidi. Kwa upande wa umeme, siku tatu alizokaa hapa hajatumia hata kidogo. Ametoa joto, ametoa sauti, ametoa mwendo, vyote bila waya. Kwa upande wa taka, karatasi moja ya mezani kwangu aliila yote, mbele na nyuma, na hayo ni matumizi ya pande mbili kama tulivyoagizwa. Na kwa upande wa kazi, jana alilala masaa matatu mfululizo juu ya godoro la majaribio la inchi nane, lile ambalo Bwana Zima alikuwa amelilalia wiki nzima bila kufikia uamuzi. Alipoona mtoto alivyolala, mikono imetanuka na mdomo wazi, alilipitisha hapo hapo. Nami nilisimama pembeni nikilitazama godoro lile kwa jicho ambalo sikutaka mume wangu alione.

Sasa twende kwenye Kanuni ya Saba. Kanuni hii inasema kila kinachotegemewa na chenye kijani, nacho ni kijani, hata bila stika. Iliandikwa kwa ajili ya pampu ya samaki wako, maana tanki lilikuwa na stika lakini pampu haikuwa nayo, na yule samaki mwekundu akaanza kulala ubavu. Ni kanuni nzuri. Naomba itumike na kwetu. Jenereta akiwa kijani, maziwa yake ni kijani. Maziwa yanategemea friji, basi friji ni kijani na mkokoteni urudi mtupu. Maziwa yanatoka kwangu, basi mimi nami ni kijani, sizimwi wala sihamishwi. Mimi nategemea taa ya stoo, basi iwake nikiwa nimetulia. Nategemea uji wa saa nne, basi birika la umeme liwe kijani. Namtegemea mama mkwe, naye bila redio yake ya mchana hawezi kumbeba mtu, basi redio ile, japokuwa iko nyumbani kwetu, Kamati iitambue. Mshahara wa kumlisha mtoto unategemea magodoro yatoke, na magodoro yanategemea mashine za kukatia, za kushonea na za kubania. Zote kijani. Mashine zinategemea mafundi wake, mafundi wanategemea feni. Hata kiyoyozi cha kikao cha Jumatano nakiachia, nisionekane nina kisasi.

Nimejaribu kwa moyo safi kutafuta katika kiwanda hiki kitu ambacho Jenereta hakitegemei, ili kizimwe na mita ipungue. Nimepata kimoja tu, nacho ni saa ya ukutani, kwa kuwa mtoto huyu hafuati saa.

Natambua kwamba ukikubali, mita itakimbia kuliko siku ile uani. Lakini hakuna kitu kitakachokuwa kinawaka bure, maana kila kinachowaka kitakuwa na sababu, na sababu yenyewe ina meno mawili na inacheka ukimwonyesha kijiko.

Nashukuru kwa kunisoma mpaka hapa. Ukiwa na swali nipo mezani, au nipo stoo, na ukinikuta stoo naomba ubishe hodi kwanza. Nisalimie mama nyumbani na watoto. Nisalimie samaki, hasa yule mwekundu, mwambie namwelewa. Dada wa mapokezi umwambie mguu wangu ni mzima kabisa. Mlinzi wa getini namwomba msamaha. Mama Ndoo namsalimu kwa heshima, na namwomba ailete ile kalamu kabla haki haijachelewa. Bwana Zima naye salamu, na apumzike, ingawa najua amepumzika.

Wako mtiifu, ambaye hajazimwa tangu miezi saba iliyopita,

Karani wa Meza ya Kutoa Magodoro
(Mama Jenereta)

Tanbihi, saa tano na nusu. Nilikuwa nakunja barua hii, Bwana Zima akaniletea daftari, kama alivyoahidi. Nimefungua ukurasa wa Jumanne. Vifaa kumi na vinne, tiki kumi na nne, zimepangika sawasawa, hakuna iliyorukwa. Namba kumi na moja: tiki. Chini kabisa, saini.

Namba nne nimeikumbuka. Jumanne zamu ilikuwa yangu.

Saini ni yangu, mzee, na ule mkia wake mrefu ninaouvuta nikisaini fomu za magodoro. Siku ile nilizunguka na daftari kama ninavyozunguka na orodha ya magodoro, namba moja hadi kumi na nne, bila kuinua macho. Niliizima mwenyewe. Halafu saa saba nikaenda kuweka chupa ya pili. Mama Ndoo naye amefika sasa hivi, ameingiza mkono kwenye ndoo na kuniwekea mezani kalamu ya bluu. Kofia ina alama za meno mawili madogo. Hakunicheka. Amesema tu, "Mpe kwanza mtoto ziwa, ulie baadaye."

Kwa hiyo naomba barua yangu isomwe upya hivi. Makosa ya namba mbili na namba tatu ni yangu. Adhabu niliyoipendekeza nimeisoma tena kwa makini na nimeona ni ya haki kabisa, isipunguzwe. Nilisema asiombewe na mtu, na nasisitiza.

Isipokuwa kuna kikwazo kimoja. Jenereta akipata kijani, kwa Kanuni ya Saba mimi sizimwi kamwe. Nimeandika hivyo mwenyewe hapo juu, na nimeandika vizuri mno. Basi ombi la stika ya kijani kwa mtoto nalifuta, pamoja na birika, taa, redio na mashine zote. Stika ile moja ibandikwe friji peke yake, ibaki hapa hapa ilipo, na nafasi yake kwenye mkokoteni leo saa kumi nitaichukua mimi. Stika nyekundu nimeshajibandika. Mgongoni mkono haukufika, nimeiweka begani.

Mtoto nitamnyonyesha saa kumi kasoro robo, kisha baba yake atampokea getini. Nimempigia simu nikamwambia leo zamu ni yake, akauliza zamu ya nini, nikakata. Godoro nimeshachagua, ni lile la inchi nane, lililopitishwa jana na mtaalamu. Sitakaa mpaka Jumatatu kama vifaa vingine, roho yangu haiwezi. Naomba masaa manne mfululizo.

Kuhusu kuniwasha, Kamati isihangaike. Kitufe changu Jenereta anakijua kilipo.